Hodi ya Isongole

Saa kumi na moja alfajiri Andongolile anapiga simu:
mzani umepima, skrini imegoma.
Herufi za kosa amezinakili kwenye kipande cha mfuko wa pumba,
ananisomea moja moja,
kama anayemtajia mfamasia dawa asiyoijua.
Nyuma yake makopo ya maziwa yanagongana,
mtu anakohoa baridi ya Rungwe.

"Muunganisho umekataliwa," namtafsiria.
"Kakataa nani?"
Chuoni miaka minne hakuna aliyeniuliza hivyo.

Soketi ni hodi, dada.
Mzani wako unabisha huko Isongole: hodi.
Seva yangu hapa Mwanjelwa, juu ya duka la mbolea,
inaitika: karibu.
Mzani unasema: nimeshakaribia.
Ndipo lita zianze kuhesabiwa.
Pasipo maneno hayo matatu haingii mtu na ndoo.

Leo hodi yako imefika kizingitini.
Nyumba ipo, hata moshi unaonekana,
ila nyuma ya mlango namba elfu tano na hamsini
hakuna aliyekaa.
Umejibiwa upesi: hapa hapana mtu.
Hilo ni jibu, Andongolile. Usilichukie.

Lipo baya zaidi.
Lile la masika, ulipokaa dakika mbili nzima
ukitazama kiduara kikizunguka,
hodi, kimya,
hodi, kimya,
mpaka mashine ikachoka kwa niaba yako.
Muda umekwisha, ikasema.
Hapo hujui kitu. Labda waya umelala matopeni Kiwira,
labda kuna mlinzi getini anayepokea kila barua
na kuitia motoni,
asikwambie njoo wala nenda.

(Mdogo wangu yuko Chunya, mwaka wa tatu, machimboni.
Simu yake inaita tu.
Ningeshukuru hata angekata.)

Na siku ile umefika lita ya mia mbili,
katikati ya namba, ukakatwa?
Wa upande wa pili alitua mkonga kwa kishindo.
Na ile wanayoiita bomba kupasuka:
wewe bado unamimina,
mwenye ndoo alishaondoka.

Anacheka. La ndoo kalielewa.
"Sasa la leo?"

La leo. Blanketi mabegani, nafungua kompyuta,
naiuliza nani anasikiliza mlango upi.
Jana usiku niliizima programu, nikaiwasha,
ikalalamika kwamba anwani inatumika:
ile ya zamani imekufa, kiti chake hakijapoa.
Ndiyo desturi ya huko, marehemu hushikiwa nafasi kidogo,
barua iliyochelewa isije ikapokelewa na asiyeandikiwa.
Nikasubiri. Ikawaka. Nikalala.

Kumbe ipo. Iko macho. Mlango ni ule ule.
Ila nilipokuwa naijaribu, nusu usingizini,
niliiandikia isikilize anwani ya ndani tu,
ile ya mia moja ishirini na saba,
inayotoka humu na kuishia humu.
Usiku kucha imesikia hodi za chumbani.
Imejikaribisha, imejishukuru,
na nje watu wamesimama ukunguni na maziwa.

Nafuta mstari. Naandika sifuri nne,
maana yake: yeyote, popote atokako.

"Jaribu."

Kopo linawekwa.
Nasikia pumzi yake, nasikia ng'ombe wa mtu mbali,
kisha mzani unalia mlio wake mmoja mfupi.
"Kumi na nane na nusu, za Mwaikenda.
Ndaga fijo,"
sijui ananiambia mimi au mashine.
Anakata yeye.

Simu ingali na joto mkononi.
Bado mapema, machimboni hawajashuka shimoni.
Natafuta namba ya Chunya.

Inaita.